Sura ya Sita: Mteja wa Siku Zote

Hakuna anayemkasirikia muuza duka kama mteja wake wa siku zote. Mpita njia akiuziwa kitu kibovu hunung'unika, akaenda zake, yakesha. Aliyelizoea duka hukasirika polepole. Mara ya kwanza husamehe, mara ya pili humtafutia mwenye duka udhuru, mara ya tatu hunyamaza, na siku anapofungua mdomo huwa na mengi ya kusema. Sura hii inamhusu mteja wa namna hiyo, mkaazi wa Vitongoji, mashariki ya kisiwa cha Pemba, anayelalamikia duka ambalo hajawahi kuliingia kwa miguu yake kwa kuwa limo ndani ya simu.

Tuanze na haki ya duka, maana hakuna mtu anayejifunga na duka bila sababu. Mtu wa Vitongoji akihitaji kitu kisichopatikana kijijini hupanda gari, akapitia Wawi hadi Chake Chake. Akikosa Chake, ateremke Mkoani, apande boti hadi bandari ya Malindi, Unguja, aingie Darajani. Akikosa Darajani, kuna Kariakoo, na hiyo ni boti nyingine na nauli nyingine. Mzigo wa shilingi elfu hamsini unaweza kumla mtu zaidi ya elfu hamsini kabla hajaushika, ukiacha siku za kazi zilizopotea na usiku wa kulala kwa ndugu.

Duka la mtandaoni liliyafuta hayo yote kwa kidole kimoja. Bei imeandikwa, ya tajiri na ya maskini ni moja. Mama mwenye watoto wadogo anachagua vitambaa akiwa ukumbini kwake. Mwanafunzi anaona vitabu ambavyo hata Unguja havipo. Pesa nazo zilishapata njia: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania Bara mwaka 2008, na kwetu visiwani Zantel wakatuletea Ezypesa. Aliyekuwa hana akaunti ya benki akaweza kumlipa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Nilikuwa miongoni mwa walioyapenda maduka haya kwa dhati. Nilinunua, nikawasifia wenzangu, nikawa naagizia jirani na jamaa wasiojua kutumia programu zake. Mteja wa aina hii ni mali kwa duka lolote, kwa kuwa hulitangaza bila kulipwa.

Ndiyo maana kisa cha mota ya cherehani kilinichoma. Jina la duka silitaji, kwani ninayoyaeleza yamewafika wengi kwa maduka mengi.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na magoti yalipoanza kumsumbua aliniomba nimtafutie mota ya umeme. Nikaipata kwenye duka nililolizoea. Maelezo yalisema wazi kuwa inatumia volti 220 hadi 240. Nikalipa pesa zote, nikahifadhi picha ya tangazo, tukangoja.

Boksi lilipofika lilikuwa zima. Ndani mlikuwa na mota, pedeli, mkanda wake na skurubu kwenye kifuko cha nailoni. Plagi ilikuwa ya meno mawili bapa, na hilo peke yake lisingetushinda. Nikaigeuza mota, nikasoma kibandiko cha fedha kilichobanduka pembeni: volti 110. Umeme wetu Pemba, unaofika kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, ni wa volti 230. Mota ile ingechomekwa ukutani ingeungua hapo hapo. Tukairudisha kwenye boksi lake.

Nikafungua ukurasa wa malalamiko. Programu ikaniorodheshea sababu nichague moja, na ya kwangu haikuwemo. Nikachukua iliyo karibu nayo. Nikapeleka picha ya kibandiko na picha ya tangazo. Jibu likaja haraka mno, likinishukuru kwa kuwa mteja wao wa thamani. Kisha wakataka niirudishe mota kwenye ghala lao katika nchi nyingine kwa gharama yangu, nao wangeikagua. Nikauliza Posta: gharama ya kuirudisha ilizidi bei ya mota yenyewe. Nikaandika tena kuwaeleza. Akajibu mtu mwingine, au mashine nyingine, akiniuliza yale yale niliyokwisha kujibu. Nikaeleza upya. Mwisho nikaona maandishi kwamba shauri langu limefungwa. Haukupita muda, simu ikalia: duka linaniomba nilipatie nyota kwa huduma nzuri niliyoipata, na linanipa punguzo nikinunua tena.

Shangazi alikuwa ananitazama. "Mwanangu, mwenye duka ni nani?"

"Simjui, shangazi."

"Na duka lenyewe liko wapi, nende nikaseme naye?"

"Halipo pahala pa kwenda. Limo humu humu kwenye simu."

"Basi pesa yangu kapokea nani?"

Swali la shangazi lina elimu ndani yake. Kwetu Pemba mlango wa biashara husomeshwa chuoni na misikitini pamoja na milango ya twahara na sala. Fikihi ya Kishafii, iliyoenea pwani yetu kwa vitabu kama Minhaj ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Shamu wa karne ya 13, inaijua biashara ya kulipia kitu ambacho mnunuzi bado hajakiona. Inaitwa salamu. Mnunuzi hutoa thamani yote pale pale, na muuzaji hubaki na deni la kuleta bidhaa. Wanachuoni waliiruhusu kwa kuwa watu wanaihitaji, lakini wakaizungushia masharti: sifa za bidhaa zitajwe bayana, kiasi kijulikane, muda wa kuleta ujulikane, na pahala pa kukabidhiana pajulikane ikiwa kusafirisha kuna gharama. Kikija kitu kisicholingana na sifa zilizotajwa, mnunuzi halazimiki kukipokea. Deni bado liko shingoni mwa muuzaji. Katika biashara nyingine nako kuna khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwemo kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kurudisha, ilimradi asicheleweshe.

Ukiyatazama masharti hayo utaona kuwa duka la mtandaoni limechukua upande mmoja wa salamu, ule wa kulipwa mapema, na kuuacha upande wa pili. Sifa za bidhaa zinaandikwa na muuzaji asiyejulikana. Muda wa kufika unasogea kila ukitazama. Gharama ya kosa inamwangukia aliyekosewa. Na aliyebeba deni hana uso wala anwani. Mzee yeyote wa kijijini aliyekaa darsani angetambua, bila kushika simu, kwamba hapa pana mtu kadhulumiwa.

Mchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1970 kitabu kidogo kinachomhusu sana shangazi yangu. Alisema mteja asiyeridhika ana njia mbili. Anaweza kuhama, akapeleka pesa zake kwingine; au anaweza kusema, akabaki na kudai mambo yarekebishwe. Kitu kinachomfanya mtu abaki na kusema badala ya kuhama mara moja ni uaminifu wake kwa duka. Kwa hivyo mteja mwaminifu anayelalamika analifanyia duka hisani kubwa: analipatia nafasi ya kujirekebisha kabla hajaondoka.

Wazo hilo lilimjia Hirschman alipoyatazama mambo ya Nigeria. Reli ya huko ilikuwa ikibeba karanga kutoka kaskazini hadi bandarini, safari ya mamia ya maili, nayo iliharibika kihuduma hata malori yakaichukulia biashara yake. Mtu angetegemea kuwa ushindani wa malori ungeiamsha reli. Haikuwa hivyo. Wafanyabiashara wenye uwezo na wenye sauti walihamia kwenye malori, na walioondoka ndio hasa ambao wangeisumbua reli mpaka ibadilike. Wakabaki wasio na pa kwenda, ambao sauti zao hazikumtisha mtu, na reli ikaendelea kuoza.

Mteja wa Vitongoji ni kama yule aliyebaki kwenye reli. Kuhama kwake ni ghali, kwa kuwa nje ya simu kinachomngoja ni boti. Mteja wa Dar es Salaam akichoka na duka la mtandaoni anapanda daladala kwenda Kariakoo, akarudi na mzigo kabla ya magharibi. Wa Vitongoji anapiga hesabu ya nauli, kisha anafungua programu ile ile iliyomuudhi jana. Duka likitazama takwimu zake linaona mteja ananunua bado, likaamini kuwa ameridhika. Na akisema, anasema na mashine iliyofundishwa kumshukuru.

Kuna jambo ambalo Hirschman hakulitilia mkazo, nasi tumeliona kwa macho yetu: duka nalo linaweza kuhama, likamwacha mteja. Jumia, duka la mtandaoni, ilianzishwa Lagos mwaka 2012 na ikaenea Afrika kwa kasi. Mwaka 2016 maduka na huduma kadhaa za kundi lake, zikiwemo Kaymu na Hellofood, zikaunganishwa chini ya jina hilo moja. Tarehe 12 Aprili 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la New York kwa dola 14.50, na watu wengi walishangilia kuona kampuni ya biashara ya Afrika imefika pale. Tarehe 27 Novemba mwaka huo huo ikafunga duka lake la Tanzania. Wiki ile ya nyuma yake ilikuwa imefunga Cameroon. Maelezo yake yalikuwa kwamba inalazimika kuelekeza nguvu kwenye masoko mengine yenye tija kubwa zaidi. Mwishoni mwa 2024 ikaondoka Afrika Kusini na Tunisia pia.

Siilaumu kampuni kwa kufunga biashara inayokula hasara. Mwaka 2018 peke yake ilipoteza takriban euro milioni 170, na hakuna mfuko usio na mwisho. Ninachotaka msomaji akione ni uzito wa mizani. Mteja aliyejenga mazoea ya miaka, aliyeacha kadi, namba ya simu na anwani yake mle ndani, aliyefundisha jirani zake kununua, hana kura siku ya kufunga. Uaminifu ulikuwa wake. Upande wa pili ulikuwa na hesabu.

Mtu atasema haya ni matatizo ya nchi maskini na visiwa vya mbali. Tuitazame Marekani. Amazon ilianzisha uanachama wake wa Prime mwaka 2005: mteja analipa ada ya mwaka, mizigo yake inafika upesi bila nauli. Ulikuwa mpango wa kuwafunga wateja waaminifu, na ukafaulu mno. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon ikisema kuwa imewaandikisha watu uanachama bila ridhaa yao ya kweli na kuufanya mlango wa kutokea kuwa mgumu makusudi. Septemba 2025 pande mbili zikapatana: Amazon ikakubali kutoa dola bilioni 2.5, bilioni 1 ikiwa faini na bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja, bila kukiri kosa.

Mwandishi Cory Doctorow ameeleza vizuri namna majumba haya ya mtandaoni yanavyoharibika. Mwanzo yanawatendea wema wanunuzi ili wajae. Wanunuzi wakishanasa, wema unahamishiwa kwa wauzaji ili nao wajae. Wote wakishakuwa hawana pa kwenda, jumba linawakamua wote wawili kwa faida ya wenye hisa. Kwa hiyo usidhani kuwa ukali wa bei au ugumu wa kurudishiwa pesa umekuja kwa bahati mbaya. Huja pale duka linapokuwa na yakini kuwa hutoondoka.

Lakini kisa cha Amazon kina somo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa. Mamilioni ya wateja walinung'unika kila mmoja nyumbani kwake, na haikusaidia. Pesa zilirudi pale taasisi yenye meno ilipozikusanya sauti zao ikazipeleka mahakamani. Hata sisi tumeliona hilo. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, wananchi walipiga kelele Bara na Visiwani. Septemba ya mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Sauti ilifika kwa sababu ilikuwa na pa kwenda: kuna wizara, kuna waziri, kuna Bunge. Watu walijua wanasema na nani.

Zanzibar tunayo taasisi ya namna hiyo katika biashara. Sheria Namba 5 ya mwaka 2018 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mtumiaji. Bara kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2003, na mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, yenye sehemu inayomhusu mtumiaji anayenunua mtandaoni. Kinachopungua ni mazoea ya kuzitumia. Mtu akipoteza shilingi elfu sitini kwa mota mbovu anaona aibu kwenda ofisini kwa kitu kidogo, anasema shukrani kwa Mungu, yamepita. Kwa duka, elfu sitini za mtu mmoja ni kidogo kweli. Za watu elfu moja ni mtaji.

Kwa hiyo kila anayenunua na awe na kumbukumbu: picha ya tangazo kabla ya kulipa, risiti ya malipo, picha ya boksi likifunguliwa, na mazungumzo yote na duka. Panapowezekana, alipe mzigo ukiwa mkononi. Likimfika la kumfika, alipeleke kwa maandishi kwenye tume, hata kama pesa ni ndogo. Na watu wa shehia moja waliopatwa na jambo moja wapeleke barua moja yenye majina yao wote. Lalamiko la mtu mmoja ofisa huliweka kando kirahisi. Barua ya shehia nzima inahitaji majibu.

Na maduka makubwa nayo yasijitetee kwa umbali wa kisiwa. Kila boti inayotia nanga Mkoani hushusha maboksi yaliyofungwa kwa salotepu na kuandikwa kwa makapeni: jina, namba ya simu, Pemba. Mfanyabiashara wa Kariakoo hulikabidhi boksi kwa mtu wa boti, akapiga picha, akaituma kwa WhatsApp. Mpokeaji hupigiwa simu bandarini, na dereva wa gari ya Chake hulifikisha. Utapeli upo, na waliotapeliwa wapo. Hata hivyo mfumo huo usio na kompyuta hata moja umedumu, kwa kuwa kila mkono unaujua mkono unaoupokea mzigo kutoka kwake. Boksi likipotea, kuna jina la mtu wa kuulizwa. Jumia yenyewe, katika nchi ilizobaki kama Kenya, imefungua vituo vya kuchukulia mizigo hadi miji midogo, basi haiwezi kusemwa kuwa jambo hili limeshindikana.

Pemba ina watu zaidi ya laki tano. Hilo ni soko, na soko lina haki ya kuweka masharti. Duka lolote linalopokea pesa kutoka Vitongoji lilazimike kuwa na wakala aliyesajiliwa hapa Pemba, mwenye ofisi Chake Chake yenye mlango ulio wazi, mwenye mamlaka ya kupokea bidhaa mbovu na kurudisha pesa bila kumtuma mteja kwenye ghala la nchi nyingine. Gharama ya wakala huyo ni ndogo ukiilinganisha na wateja atakaowabakisha. Tume ya Ushindani Halali iyadai hayo, Baraza la Wawakilishi liyaandike kwenye sheria, na sisi wanunuzi tusichoke kuyataka. Anayetaka uaminifu wetu atuonyeshe kwanza mtu wa kujibu.